Kikosi cha Moto cha Baba Yangu

Enzi zetu sisi tuliokulia vijiji vya Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, rimu ya lori ilining'inia kwenye mti mbele ya ghala la tumbaku, na ikigongwa wakati wa kiangazi hakuna aliyebaki shambani. Wanaume waliacha majembe palepale kwenye tuta. Mama zetu waliipua maharage, hata kama bado yalikuwa magumu kama kokoto, wakakamata ndoo. Gari la zimamoto hatukulijua. Tulikuwa na ndoo, magunia yaliyolowekwa, matawi mabichi na miguu yetu. Mkubwa wa kikosi hicho alikuwa baba yangu, mkulima wa tumbaku, na hakulipwa hata peremende.

Leo baba ni mzee, haoni vizuri, anakaa kwangu, binti yake, Mpanda mjini. Mpaka juzijuzi aliamini kwamba moto ukitokea watu wanakuja. Nilikuwa namwomba Mungu aende na imani hiyo kaburini.

Sisi watoto tuliupenda moto, Mungu atusamehe. Mwalimu alituachia darasa zima tukavunje matawi, na hesabu za siku hiyo zikafa hapohapo. Jioni tulicheza moto. Mmoja anakuwa bani, yaani kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, anapunga mikono, nasi tunampiga kwa majani ya muhogo mpaka alie kweli. Wanangu nikiwasimulia wananiuliza kama bando lilikuwa limeisha.

Baba alikuwa na sheria zake, na kila kiangazi alizirudia kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani: "Kwanza mnashusha nyasi za paa la jirani. Nyumba inayowaka imeshawaka. Na mlango wa bani nyie msiufungue, hata mwenyewe akilia!" Mlango ukifunguliwa upepo unaingia, na moto uliokuwa unafukuta ndani unatoka kutafuta nyumba.

Siku moja, saa saba mchana, jani kavu lilidondoka kwenye bomba la chuma linalopitisha joto ndani ya bani letu. Tumbaku ya mwaka mzima ilikuwa mle. Baba, mwenye sheria, alikwenda mbio akafungua mlango. Nilimwona kwa macho yangu. Moto ulimrukia usoni, na Mama Evarista, jirani yetu mwenye nguvu za wanaume wawili, akamkamata kiunoni na kumburuta huku anamfokea: "Si wewe uliyetukataza, wewe?" Bani liliteketea lote na jicho la kushoto la baba halikupona. Lakini nyumba ilipona, maana wenzake walishapanda juu ya paa letu, wanashusha nyasi kwa mikono. Wiki ileile walileta nyasi mpya, kila nyumba mzigo mmoja, wakatuezekea huku wakimtania baba kwamba msimu ujao watamfunga kamba kabla hajawasha bani. Alicheka na bandeji usoni. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Kiangazi hiki, mchana, nyumba ya Mama Zuhura, fundi cherehani wa mtaani kwetu, ilishika moto. Watu walijaa barabarani, simu juu. Kijana mmoja alikuwa anatangaza kama yuko kwenye mpira. Lakini vijana nisiwaseme sana, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa getini na simu sikioni, naita zimamoto, najiona nimeshatimiza wajibu. Mama Zuhura alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, analilia cherehani yake.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa ametoka na ndoo yetu ya kuogea, anapapasa ukuta, anapita katikati ya watu. Walimpisha. Walimpisha vizuri kabisa, wengine wakamrekodi. Alimwaga maji yake ukutani, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kule kwetu, ukiwa kwenye mstari wa kupokezana ndoo, hukugeuka. Ulinyoosha mkono tu na ndoo nyingine ikafika. Alikaa hivyo, kiganja wazi. Baadaye akachezesha vidole, kuwahimiza.

Nilitupa simu nikakimbilia bombani. Nilipofika na ndoo, paa lilikuwa limeshaanguka juu ya cherehani.

Tulipokuwa wadogo tulilala chini ya nyasi kavu, katikati ya mabani yanayowaka, na hatukuogopa. Sasa nina bati, nina maji uani, nina ukuta mrefu, na sijui hata jina la anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimesikitika wiki nzima, na aibu haijanitoka.

Siku ile, nilipomfikia na ndoo yangu, baba aligusa mkono wangu, akanitambua.

"Wengine wako wapi, mama?"

Nilimwambia wako njiani. Aliitikia kwa kichwa, akasogea pembeni kidogo kuwaachia nafasi.