Siku Mbaazi Ilipoitwa Mti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, watu wazima wa kitongoji kizima, nje kidogo ya Kibiti, walikaa kwenye mabenchi wakakubaliana kwamba mbaazi ni mti. Mbaazi hii hii unayoila na maandazi asubuhi. Nilikuwa kijana wakati ule. Sasa meno yamepungua, lakini hasira ya siku ile sijaimaliza.

Shule niliiacha darasa la tano. Si kwamba nilichukia kujua, nilichukia kukaa. Nimekata mikoko kwenye visiwa vya delta, nimevua kamba, nimelala kwenye dungu bondeni Ngorongo nikifukuza nguruwe kwenye mpunga wa watu, na kila nilipofika niliuliza maswali hadi wenyeji wakachoka nami. Ndivyo nilivyokutana na Dada Zubeda. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu na alitaka mtu wa kumchimbia udongo. Mimi nikataka kujua anautafutia nini.

Alitaka kujua zao unalopanda linawafanya nini viumbe wanaoishi ndani ya udongo, na viumbe hao wanairudishaje rutuba. Mzee Shamte alimwazima kipande cha shamba lake kilichochoshwa na ufuta wa kila mwaka, mchanga mweupe uliojaa kiduha, lile gugu la ardhi iliyochoka. Alimpa hicho kwa sababu mwenyewe hakukitaka tena. Dada Zubeda akakigawa. Upande mmoja akapanda ufuta vilevile kama mwenye shamba alivyozoea. Upande wa pili akapanda mahindi pamoja na mbaazi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi zinabaki zimesimama na kupukutisha majani, na hakuna kuchoma moto.

Kila msimu nilichimba pande zote mbili, tukaupekua udongo juu ya turubai kama watu wanaochambua mchele. Mwanzoni hatukuona kitu. Baadaye, upande wa mbaazi, nikaanza kukuta nyungunyungu, na nyuzi nyeupe za ukungu zimeyashika majani yaliyooza. Mizizi ilikuwa na vinundu vidogo. Ukikipasua kimoja kwa ukucha, ndani kina wekundu kama nyama.

"Humo mna wapishi," Dada Zubeda aliniambia. "Ni wadogo, huwezi kuwaona. Wanaipikia mbaazi chakula kutoka hewani."

"Wanalipwa nini?"

Akacheka. "Mbaazi inawapa sukari. Wewe ungebaki darasani, walimu wangetoka jasho!"

Udongo wa upande ule ulibadilika rangi, ukawa unashikika mkononi. Ulibaki msimu mmoja tu. Mbaazi zisimame hadi mvua zinazofuata, achukue udongo wa mwisho akaupime. Bila huo, kazi yake yote ingekatika njiani.

Mzee Shamte naye ana macho. Asubuhi moja alikuja shambani, akainama, akashika konzi ya udongo, akaunusa, akaondoka bila kuaga. Wiki ile ile kikaitishwa kikao.

Sasa elewa, mwanangu. Huku kwetu mtu aliyeazimwa shamba hapandi mkorosho, wala mnazi, wala mwembe. Mti unakaa miaka, na aliyeupanda anaweza kuja kusema shamba ni lake. Desturi hiyo imewakinga wajane na yatima wengi wasiporwe, nami naiheshimu. Mzee Shamte akaishika hiyo hiyo.

"Nimemwazima mgeni shamba," akasema, "naye kanipandia miti."

"Miti gani, baba?" akauliza Dada Zubeda.

"Hiyo iliyonipita kimo. Huu mwaka wa pili imesimama."

"Ni mbaazi, baba. Nikishachukua udongo wangu nazikata..."

"Nimesema miti."

Niliyatazama mabenchi. Bi Mwajuma alikuwepo, aliyeuza mbaazi za nazi barabarani tangu kabla sijafika Kibiti, na kibanda chake kilikuwa kwenye kiwanja cha Mzee Shamte. Alikuwa anatazama miguu yake. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye asubuhi ile alikula sahani mbili kwa Bi Mwajuma, alikohoa tu. Nikasimama.

"Bi Mwajuma, kumbe siku zote unatuuzia matunda ya mti?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha walipoona Mzee hacheki. Mwenyekiti akaninyooshea kidole.

"Kijana, una shamba hapa?"

"Sina."

"Babu yako kazikwa hapa?"

"Hapana."

"Basi kaa chini. Leo uko hapa, kesho tutasikia uko Ngarambe."

Dada Zubeda akaomba aachiwe angalau kuchimba mara moja kabla ya mbaazi kung'olewa. Mzee Shamte akamjibu kwamba hata udongo ni wake. Na kesho yake mbaazi ziling'olewa na mizizi yake, zikarundikwa, zikachomwa moto, na watu waliozing'oa walikuwa wamekunywa chai kwa mbaazi.

Dada Zubeda alikuwa anafunga mizigo aende Ngorongo kuanza upya, wakati Bi Mwajuma alipokuja kwa mlango wa uani na bakuli chini ya kanga.

"Mwanangu, nasikia umebaki na mbegu," akamwambia Dada Zubeda.

"Miche ya miti imekwisha," nikamwambia.

"Nyamaza wewe! Kibanda changu kiko kwake, ulitaka niseme nini?"

Nyuma yake akaja mke wa mwenyekiti, kisha wengine. Wote waliuona udongo ule. Nilitaka wafukuzwe, lakini Dada Zubeda alikuwa anawajazia.

"Dada, hawa hawa?"

"Udongo wao haukukaa kwenye kikao," akasema. "Sogeza bakuli hilo."

Alimaliza masomo yake, lakini kwa kuchelewa sana, na hakuna aliyemrudishia misimu ile. Mzee Shamte alivuna ufuta mzuri mwanzoni, akatamba. Kisha ukapungua, kiduha kikarudi. Juzi nilipita pale nikielekea Utete. Ni mchanga mweupe, na wajukuu zake wanauparuza.

Basi sikiliza, mwanangu. Siku ya wewe kukaa kwenye benchi lile itafika. Usitazame miguu yako. Sema mbaazi ni mbaazi, na useme pale pale, kabla haijang'olewa. Ukweli wa kuletwa uani na bakuli haukumsaidia yule dada. Ukisikia desturi inatajwa, iheshimu, kisha tazama nani analitaka shamba. Ukipewa ardhi, ilishe kabla hujaidai. Na ukiwa na mbegu, usiwanyime waliokudhulumu kwa kunyamaza. Hilo la mwisho nimefundishwa na Dada Zubeda, na mpaka leo linanikera, lakini nakuagiza hivyo hivyo.

Mungu akujalie udongo unaoshikika mkononi, na ulimi usiomwogopa mwenye shamba. Amina.