Kamba ya Mbuzi pale Tenke

Nakumbuka Ijumaa moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopanda gari la moshi hapa Kolwezi nikiwa na mbuzi jike mweupe, kofia mpya kichwani na majivuno ya kutosha behewa zima. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na serikali yao tuliiita Bulamatari. Nilikuwa naelekea Fungurume kwenye harusi ya kaka yangu Kazadi, iliyopangwa kesho yake, Jumamosi asubuhi. Na bila mbuzi yule hapakuwa na harusi.

Sisi watu wa Kasai tuliokulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mgodi, mengi ya kwetu tuliyaacha njiani, lakini mbuzi wa mama hatukumwacha. Kabla binti hajatoka nyumbani, mama yake hupewa mbuzi wa kumshukuru kwa mgongo wake, mgongo uliombeba yule binti alipokuwa mchanga. Hapewi kimya kimya. Mtu wa upande wa bwana harusi husimama mbele ya watu, hushika kamba, husema maneno yake, na mama huipokea kamba kwa mikono miwili. Mbuzi asipofika, mama hatoki ndani. Mama asipotoka, hata kengele ya kanisa ilie mpaka ichoke, bibi harusi habanduki kitini. Na Mama Kapinga, mama wa Ngalula, bibi harusi wetu, alikuwa amesema wazi kwamba kwa jambo hilo hana utani.

Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, na ndugu wengine walikuwa mbali Kasai. Kazadi ndiye aliyenilea kwa mshahara wake wa mgodini. Kwa hiyo mtu wa kushika kamba nilikuwa mimi, sina wa kunisaidia. Yeye alitangulia Jumatano kwa mambo ya kanisa, na kabla ya kupanda treni alinishika bega.

"Kalala, peleka buku yako kwa karani, baweke kashe. Usisahau."

"Yaya, kule bote bananijua," nikamjibu, nikicheka; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Buku ni kile kitabu kidogo ambacho kila mtu mweusi alitembea nacho, chenye jina lake na kijiji cha baba yake. Kashe ni muhuri. Kila ulipotaka kutoka wilaya moja kwenda nyingine ulipanga mstari ofisini kwa mtawala, tangu kunapopambazuka, ili karani agonge muhuri wa safari hiyo. Bila muhuri, wewe ni mtoro. Lilikuwa jambo la kuudhi, na mpaka leo nikilikumbuka naudhika. Nchi ni yako, miguu ni yako, na bado unaomba ruhusa ya kwenda kumwona shangazi.

Lakini mimi nilikuwa nimejipa ruhusa mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kununua samaki wakavu Bukama na kuwauza hapa kwenye kambi, na kila baada ya wiki mbili nilikuwa ndani ya treni. Nilipenda safari, mwanangu, siwezi kukuficha. Nilipenda kuchagua gunia laini la kukalia kabla wengine hawajaingia. Nilipenda vituo vidogo, akina mama wanakimbia kando ya behewa na viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, asali kwenye chupa, na munkoyo wa baridi unaokata kiu mpaka unasahau vumbi. Nilijua wapi viazi ni vitamu na wapi yule mama anachanganya asali na maji.

Mikasa nayo ilikuwepo. Siku moja kiatu changu kilianguka dirishani, nikauza samaki siku nzima na kiatu kimoja. Siku nyingine kuku wa mtu alitaga yai ndani ya kofia yangu, na mwenye kuku akadai yai lake, nami nikadai kofia yangu, tukagombana kutoka Lubudi mpaka Tenke. Ndiyo maana Ijumaa ile nilikuwa na kofia mpya.

Basi, kwa kuwa polisi wa njia ile walinizoea, wengine wakila samaki wangu, niliacha kupanga mstari. Mara ya kwanza moyo ulinidunda. Mara ya tatu nikawa nawacheka wanaopanga. Alhamisi ile, badala ya kwenda ofisini, nilikwenda kunyolewa.

Kwa ajili ya mbuzi nilikaa behewa la mwisho, la mizigo na la watu wanaovumilia mizigo. Humo nilimkuta mzee mwenye kofia nyeupe na birika, amekaa juu ya mkeka wake. Alikuwa Tata Salumu, yaani Baba Salumu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyetokea Kasongo, Mwislamu. Alikuwa anakwenda mbele ya Fungurume, mpaka Jadotville, kuchukua mzigo wake wa vitambaa. Sikuwahi kumwona kabla. Alinimiminia chai ya tangawizi bila kuniuliza kama naitaka, na mbuzi akala pindo la mkeka wake, naye akacheka tu. Nilimweleza habari yote, harusi, Mama Kapinga, mgongo, kamba. Alisikiliza vizuri.

"Weye unatembeaka mingi, kijana?" akaniuliza.

"Eyo, tata. Hii njia mi najua yote."

"Na buku yako iko na kashe ya hii safari?"

"Polisi bote banajua sura yangu, tata."

Akanitazama, akanywa chai yake. "Bale ba zamani banajua. Na kama leo kuko mupya?"

Nikacheka. Nikamwambia tukifika Tenke nitamnunulia asali, ile ya mama mwaminifu.

Tenke, mwanangu, ndipo njia za reli zinapokutana, na ndipo polisi hukagua. Siku hiyo alipanda kijana ambaye sare yake ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Akafungua buku yangu, akapekua ukurasa kwa ukurasa, akarudi mwanzo.

"Kashe ya safari iko wapi?"

"Shefu, uliza batu. Hapa bote bananijua."

"Mi sikujui. Shuka."

Nilibembeleza. Nilitaja majina ya polisi wenzake, wote walikuwa wamehamishwa. Nilitaja harusi. Akanishika ukosi wa shati. Filimbi ikalia, na mbuzi yule, ambaye tangu Kolwezi hakunyamaza, sasa akanyamaza na kunikodolea macho. Nikimshusha, tunafungwa wote wawili na Mama Kapinga hatoki ndani. Nikimwacha, namwacha kwa mtu ambaye sijui hata anakaa mtaa gani. Niliona uso wa Kazadi mbele yangu waziwazi.

Tata Salumu alikuwa amekwisha kusimama. Alinyoosha mkono.

"Asubuhi moja tu ya kupanga mustari ilikushinda," akasema, na hakuwa anacheka tena. "Sasa leta kamba. Niambie maneno yenye nitasema."

Nikamkabidhi kamba. "Tata, useme: hii mbuzi ni ya mama, juu ya mugongo wenye ulibeba Ngalula. Ndugu ya Kazadi banaileta."

"Na bakiniuliza mi ni nani kule?"

Treni ilishaanza kujivuta. Nikiwa chini kwenye kokoto, polisi ameshika ukosi wangu, nikapaza sauti: "Useme we ni tata yetu!"

Nilikesha kwenye chumba cha kituo cha polisi pamoja na mtu mmoja aliyekamatwa kwa kosa kama langu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. "Ile mbuzi yako saa hii iko mu chungu," akaniambia. Nikamwambia anyamaze. Lakini neno lake lilinikaa. Mzee yule alikuwa na safari yake na mzigo wake Jadotville. Kwa nini ashuke Fungurume kwa ajili ya watu asiowajua, kwenye harusi ya kanisa ambayo si ya dini yake? Mimi ningeshuka? Nilijiuliza hivyo, mwanangu, na jibu nililolipata halikunifurahisha.

Asubuhi nilifagia uwanja wote, nikajaza mapipa mawili ya maji, kisha karani akaniandikia karatasi ya kujieleza kwa mtawala Kolwezi Jumatatu, na kibali cha siku mbili. Treni ya kwenda upande wa Fungurume ingepita kesho yake. Mtu mwenye akili timamu angekaa akangoja. Nilipiga moyo konde, nikashika reli kwa miguu. Jua lilipanda, soli ya kiatu ikaachia nikaifunga kwa kamba ya gunia, ikaachia tena, nikavua viatu vyote. Nilipita vituo bila kununua kitu. Nilijiambia kwamba hata kama harusi imevunjika, nitakwenda kusimama mbele ya Kazadi ili anitukane mwenyewe, asilazimike kunitafuta.

Nilifika saa tisa alasiri. Kabla sijaiona nyumba nilisikia ngoma, nikajua harusi imefungwa. Nikakaa chini kidogo, nikalia, kisha nikajifuta nikaingia uani.

Akina mama walikuwa wanasugua masufuria. Nyuma ya nyumba mbuzi mweupe alikuwa amefungwa kwenye mti wa mpapai, anatafuna majani ya viazi kwa raha zake. Mbele, kwenye kiti cha heshima cha upande wetu, kiti ambacho kingekuwa cha baba yetu, alikaa Tata Salumu na kofia yake nyeupe. Walimpa kuku amchinje mwenyewe, na alikuwa anamla. Kando yake Mama Kapinga alikuwa amevaa kitenge kipya, anamcheka mzee kwa jambo fulani.

Akaniona nimesimama pekupeku, mwekundu kwa vumbi.

"Na huyu ni nani?"

"Ni ndugu ya Kazadi, mama," nikasema.

"Ndugu ya Kazadi alishuka mu treni jana magaribi. Alishika kamba asubuhi, akasema maneno muzuri, hata mi nililia. Alituambia ni tata yabo." Akanipima kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia. "Weye ulikuwa wapi?"

Tata Salumu angeweza kunitetea, akaendelea kumla kuku wake, na alifanya vizuri. Niliwekewa chakula pamoja na watoto, nikala nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kazadi hakunitukana. Ningeomba anitukane. Alikuja jioni ile na suti yake, akakaa karibu nami kwenye kinu kilichopinduliwa, akanipa maji ya kunawa miguu.

"Jana nilienda kukupokea kituoni," akasema. "Niliona mbuzi inashuka. Nikangojea weye ushuke. Treni ikaenda, mi ningali naangalia mulango."

Hilo tu. Harusi yake ilifungwa, hakupoteza kitu. Lakini alimtafuta mlangoni mdogo wake aliyemlea, na mdogo huyo hakuwepo kwa sababu alikwenda kunyolewa. Nimekula chumvi nyingi tangu siku hiyo, nimezika watu, nimemzika hata Kazadi mwenyewe, na bado namwona anatazama mlango wa behewa.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kwenye mstari wa ofisi ya mtawala, giza halijaisha. Sikuacha tena. Nilisafiri miaka mingi, nikala asali ya kila kituo, nikapoteza kofia nyingine mbili, na kila safari karatasi yangu ilikuwa kamili. Tata Salumu alichelewa kuuchukua mzigo wake wa vitambaa kwa siku tatu, hakuwahi kunitajia. Kila mtoto wa Kazadi alipozaliwa yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuitwa, na alipofariki tulikwenda sisi Wakristo na rozari zetu, tukasimama makaburini na watoto wake, na watoto wake wakatuita ndugu.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nilikusikia mlangoni. Mke wako alikuuliza kama umechukua karatasi zote za safari, nawe ukajibu, "Pale bote bananijua." Ni maneno yangu hasa, na wewe hukuwahi kuyasikia.

Sikuzuii kusafiri, mwanangu. Safiri, furahi, kaa dirishani, nunua viazi vya moto. Lakini fanya lile jambo dogo la kuudhi kabla ya kuondoka, hata kama umelifanya mara mia, hata kama wenye mlango wanakuita kwa jina. Panga mstari. Kule unakokwenda kuna mtu amesimama anakutazamia, na yeye ndiye atakayelipa uvivu wako. Tena ukimwona njiani mtu anashushwa na kamba bado iko mkononi mwake, usitazame pembeni. Nyoosha mkono, uliza maneno ya kusema, ushuke kituo chake ingawa si chako. Hilo nalitaka kwako kuliko lile la kwanza.

Sasa nenda, begi lako liko tayari. Mungu wa baba yangu wa kule Kasai, ambaye Tata Salumu alimwomba kwa lugha yake nasi kwa yetu, akutangulie kwenye kila kituo. Mguu wako usikose kiatu, mkono wako usilegeze ulichokabidhiwa. Na mlango utakapofunguliwa mwisho wa safari, anayekungoja akuone unashuka.