Donatien na Wimbo Alioubana

Habari za Donatien niulize mimi. Ukiuliza batu ba kanisa, batakuambia ni muntu mupole, halafu banyamaze. Mimi nakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ubavuni mwa kibanda chake, kwenye barabara inayoshuka kwenye daraja la mpaka, Rusizi ya pili, upande wa Rwanda, na spika yake imeniingia masikioni mpaka siku hizi naota nyimbo. Kazi yake ni kubawekea batu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Anakaa nyuma ya waya wa dirisha na kompyuta yake ya zamani, na uso wa muntu aliyefungwa bila kuambiwa kosa.

Bamama banaovuka kwenda Bukavu banamnyooshea flashi na kuuliza jambo moja tu: "Nyimbo ngapi zinaingia humu?" Kama zitasikika vizuri, hakuna anayeuliza. Flashi isipojaa nyimbo banaenda kwa mwingine.

Basi Donatien anabana. Alinieleza siku moja ya mvua, wateja hamna. Wimbo mzima ni mzito, kwa hiyo kompyuta inachagua zile sauti ambazo sikio halitajua kwamba zimeondoka, inazitupa. Ukiuachia kilobiti mia tatu na ishirini kila sekunde, karibu hakuna atakayejua. Ukishuka mpaka mia na ishirini na nane, mwenye masikio atakunja uso. Yeye, ili mteja afurahi, anashuka mpaka arobaini na nane. Hapo matoazi yanalia kama mafuta yangu yakidondokewa na maji, na mwimbaji anasikika kama amefunikwa ndoo kichwani.

"Na batu banakubali?" nikamuuliza.

"Banakubali. Masikio yao yamezoea. Yangu njo yamekataa."

Ingekuwa nyimbo za batu wengine tu, ningemwambia aache kujitesa. Lakini Donatien, Munyarwanda aliyekulia Bukavu, alioa huko mwimbaji wa koralé, kwaya ya kanisa, jina lake Charlotte. Charlotte alikufa wakati mtoto wao wa pekee, Umurerwa, hajajua hata kufunga viatu. Kabla ya kufa aliimba wimbo mmoja kanisani, yeye mbele, koralé nyuma, na Donatien ndiye aliyerekodi. Baada ya kurudi Rwanda na kufungua kibanda, aliuweka ule wimbo kwenye kompyuta, batu bakaupenda, akaubana kama nyimbo zote. Kompyuta ilipojaa akaufuta ule mzima, akijiambia kwamba huu mdogo unatosha. Jamani! Alimpunguza mke wake mwenyewe ili apate nafasi ya rumba za batu.

Na ule mdogo ukaenea. Uko kwenye mabasi madogo ya Nyakabuye, uko kwenye simu za bakulima ba Gitambi, unavuka daraja kila asubuhi mfukoni mwa bamama. Wimbo ukipita mbele ya kibanda, Donatien anainamisha kichwa mpaka uishe. Pa kukimbilia hana. Kazi ni hiyo hiyo inayomlisha, na hata akifunga mlango akaenda nyumbani, jirani anaupiga. Nilimhurumia, ingawa mdomo wangu ulikuwa haujui kuhurumia.

Mwaka huu Umurerwa akapata mchumba, Izabayo wa Gitambi. Akamwambia baba yake, "Papa, siku ya kuingia kwa salle ya ndoa, ninataka mama aimbe."

Donatien alikonda. Siku nzima alikuwa anahangaika na ule wimbo mdogo, anaurudisha kwenye kilobiti mia tatu na ishirini. Faili ikanenepa, sauti ikabaki ile ile.

"Papa Umurerwa," nikamwambia, "sambaza zilizokauka ukiziloweka zinavimba, lakini haziogelei tena."

Hakucheka. "Maman Elikia, nimemufunga mule ndani mimi mwenyewe. Sasa batu bote batamusikia na ndoo kwa kichwa, siku ya ndoa ya mutoto wake."

Nikaona aibu, na nikiona aibu nakuwa mkali. "Yule Christophe-Aimé aliyekuwa anapiga kinanda kwenye koralé ya Charlotte, si angali Bukavu? Hukumuuliza kama alibaki na ule mzima?"

"Niliogopa. Akisema haiko, basi."

"Woga gani huo! Miaka yote hiyo!"

Nikaenda mwenyewe. Christophe-Aimé alipekua kabati lake mpaka mke wake akakasirika, kisha akatoka na sidii moja, wimbo ule ule, mzima, haujabanwa. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaiweka chini ya beseni langu la samaki, nikavuka.

"Inanuka," Donatien alisema.

"Ushukuru."

Aliitia kwenye kompyuta. Mungu wangu. Wimbo niliousikia mara elfu, sikuutambua. Kanisa lote lilikuwa mule, hata benchi moja lililolia kule nyuma. Na Charlotte alikuwa karibu, kama amesimama kando ya jiko langu. Kabla ya ubeti wa mwisho akanyamaza kidogo, nikasikia anavuta pumzi.

"Umesikia?" Donatien alinishika mkono. "Ile pumzi. Kwa ile yangu haiko. Kompyuta iliona haina kazi, ikaitupa." Akaanza kulia, na mimi nikalia, sambaza zikaungua.

Jioni hiyo alimwita Umurerwa kibandani, akamkalisha, akaupiga. Msichana alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama anasikiliza mgeni.

"Papa, huyu njo nani?"

"Njo mama yako. Njo sauti yake ya kweli."

Umurerwa akatikisa kichwa. "Apana, Papa. Mama yangu njo ule wa kwa flashi. Wakati nilikuwa nalia usiku, ulikuwa unanipigia ule. Ule njo ulinilea. Huyu simujui."

Nilitaka kumgombeza. Nikamtazama baba yake. Ule wa kwa flashi ni yeye aliyeutengeneza, ni yeye aliyempa mtoto. Alitoa sidii taratibu, akairudisha kwenye kitenge changu chenye harufu. "Sawa, mwanangu," akasema. "Tutapiga ule wako."

Siku ya ndoa alikataa kuajiri fundi mwingine wa sauti. Alikaa mwenyewe nyuma ya spika kubwa za salle, suti imembana, mimi kando yake na kitenge changu cha sherehe. Umurerwa akaingia ameshikwa mkono na mjomba wake wa Bukavu. Donatien akabonyeza. Charlotte akaanza kuimba ndani ya ndoo yake, matoazi yakakaangika, batu bote bakasimama, bamama bakapiga vigelegele, na bibi harusi akatabasamu huku machozi yanamtoka kwa sababu mama yake amefika.

Donatien hakutazama muntu. Ubeti wa mwisho ulipokaribia, pale ambapo kwenye flashi hakuna kitu, ni ukimya tu uliokatwa, nilimsikia kando yangu akivuta pumzi yeye, kwa nguvu, badala ya Charlotte.