Honi ya Baba Kwenye Mchezo wa Treni

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu, akasema mama hataki kula. Haumwi, wala chakula hakijamchosha. Amekaa tu uani na sahani mbele yake, anasema anamsubiri baba yetu apige honi. Nikafunga kazi mapema, nikatoka Posta kwa miguu mpaka Gerezani, kwenye nyumba tuliyozaliwa, roho juu njia nzima. Baba alishafariki. Mama mwenyewe alimkalia eda.

Wewe uliyekulia maeneo yale huhitaji kuambiwa yalivyobadilika. Nyumba yetu imebanwa na maghorofa kila upande, jua linachungulia uani mchana kidogo halafu basi. Pale kwa jirani yetu Mwarabu, aliyekuwa akituita dukani kutuonjesha tende, sasa wanauza mikoba na viatu mpaka juu. Ila mama yupo palepale kwenye mkeka wake, mgongo ukutani, uso upande wa reli kama vile maghorofa hayajajengwa.

Baba alikuwa dereva wa treni. Kila dereva akikaribia pale Kamata, reli inapokatiza barabara, ilikuwa lazima apige honi. Honi ni ya injini, lakini mkono ni wa dereva, na mkono wa baba tuliujua kama tulivyokijua kikohozi chake. Akiingia mjini alipiga moja ndefu, akamalizia na fupi, maana yake kazi imekwisha, nakuja nyumbani. Mama hakuwa na maneno mengi. "Baba yenu huyo," basi, na nyumba nzima ikaamka. Dada alipeleka ndoo bafuni, mimi nilikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, mama akapepea mkaa mpaka cheche zikaruka. Samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi, wali unaotokota. Hata leo nikisikia nazi inakunwa, sikio langu linageukia reli.

Ilikuwepo honi nyingine, na hiyo niliichukia. Kuna siku baba alifika stesheni akakuta mwenzake hakutokea kazini, wakampanga yeye arudi bara jioni ileile. Simu hatukuwa nayo. Basi akipita tena Kamata, safari hii anatoka, alipiga mbili fupi na moja ndefu, yaani msinisubiri, kuleni. Wakati huo maji ya kuoga yameshachemka na mimi nimeshajipanga mlangoni. Mama alifunua kawa, akapakua. "Kasema tule." Mimi nilinuna, nikaisukuma sahani, naye aliniambia maneno yaleyale kila mara: "Kula wewe, kesho atarudi." Na kweli hazikupita siku nyingi, utamwona huyo anaingia, shati linanuka dizeli, zabibu za Dodoma zimepondekapondeka mfukoni. Nilizila hivyohivyo, na vumbi lake.

Sasa nikuambie jambo ambalo dada hunicheka nalo. Mimi, mama mzima mwenye watoto, nacheza mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta ninayotembea nayo mkobani. Wenye mchezo wao wameacha nafasi ya mtu kujitengenezea reli yake na kuweka sauti zake. Unaichukua sauti, unaikata upendavyo, kisha unatega alama kwenye reli. Alama yenyewe haionekani, lakini injini ikiikanyaga tu, sauti inalia. Mimi nimeitengeneza reli yetu, kutoka stesheni, Kamata, Buguruni, hadi Pugu na kuendelea. Karibu na kwetu nimetega sauti ya vikombe vya muuza kahawa, na nazi inayokunwa. Honi ya baba sikuwahi kuthubutu kuiweka.

Siku ile, nilipomwona mama na sahani yake, nikathubutu. Wapenzi wa mchezo huu hupeana sauti mtandaoni, nikapata honi ya injini ya dizeli inayokaribia ile. Nikaivuta, nikaipunguza, nikaisikiliza mpaka machozi yakaniambia ndiyo yenyewe. Ndefu, kisha fupi. Nikaitega alama pale Kamata, nikaweka spika dirishani, nikaileta treni kutoka Pugu.

Mama aliinua kichwa. "Baba yenu huyo."

Dada akaacha kufagia. Tukatazamana, tukajua tumeshinda. Lakini mama hakuigusa sahani. Aliifunika na kawa, akajiinua kwa kushika ukuta, akamwagiza dada maji ya kuoga, akaniuliza mimi nazi iko wapi. Halafu akaenda kukaa mlangoni. Saa zikapita. Vijana waliobeba mizigo ya sokoni walipita wakimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akawajibu, "Marahaba. Hamjapishana naye huko?" Ilipoadhiniwa magharibi bado alikuwa mlangoni, na alipoanza kulia alilia kimyakimya, kanga mdomoni, kama mtu anayeona haya kuonekana na wapita njia.

Dada alinivuta chumbani. "Umemwita," akasema. "Sasa mlete."

Usingizi niliopata usiku huo ni wa saa za kuhesabu kwa vidole. Asubuhi nilijua kilichokosekana, na nilijua tangu mwanzo, ila mkono ulikataa. Ile honi niliyoinunia utotoni ilibidi niikate mwenyewe, niishone mwenyewe, niitege kwenye njia ya kutokea. Baba hakuwahi kutaka kuondoka mara ya pili jioni ileile, alipangwa. Safari hii anayempanga ni mimi.

Mchana nikaiingiza treni mjini. Ndefu, fupi. Mama akafunika chakula, akaenda mlangoni kama jana. Nikaifikisha stesheni, nikaigeuza, nikaanza kuitoa. Ilipoikaribia Kamata nilitamani umeme ukatike. Alama ikakanyagwa. Mbili fupi, moja ndefu.

Mama alisimama pale ameshika fremu ya mlango. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha yote, na baada ya hapo akaendelea kusikiliza kidogo. Kisha akarudi taratibu, akaketi mkekani, akafunua kawa.

"Kasema tule," akasema, na akala.

Dada alijifuta macho kwa ncha ya kanga akarudi jikoni. Mimi nilibaki namtazama mama akitafuna. Injini aliyoiendesha baba ilishauzwa kama chuma chakavu. Treni za siku hizi zinapita na honi zake, lakini hakuna mkono ninaoutambua. Nyumba za madereva zilizokuwa zikijua zipike au zisipike kwa kusikiliza tu, zote zimevunjwa isipokuwa hii yetu. Kilichobaki cha baba yangu ni sauti niliyoiunganisha vipande, na kazi yake ni kumwambia mama asisubiri.

Mama akainua macho. Jina langu limempotea siku nyingi, lakini sahani yangu aliiona haijaguswa.

"Kula wewe," akasema. "Kesho atarudi."

Nikala. Kule chumbani treni ilikuwa bado inakwenda, imeshaiacha Buguruni, imeshaiacha Pugu, na sikuwa na moyo wa kwenda kuisimamisha.