Siku Kamba Ilipopita Getini

Mwezi uliopita nilikuwa Mbeya, nje ya uwanja wa mpira, nauza maji kwenye ndoo ya barafu. Basi la timu ya wageni likasimama, wachezaji wakashuka. Geti kubwa lilikuwa wazi mbele yao, lakini wao wakaliacha, wakazunguka nyuma na kuruka ukuta mmoja mmoja na mabegi yao. Vijana waliokuwa karibu nami wakatoa simu wakapiga picha huku wakicheka. Mmoja akaniuliza mbona mie sicheki. Nikamwambia nimekulia penye ukuta wa namna hiyo, akadhani natania, akanunua maji akaenda zake. Wewe huna haraka kama yule, basi nikusimulie.

Nyumba ya Bibi ilikuwa Temeke, mwisho wa uchochoro, na uani kwake kulipakana na uwanja wa kiwanda cha kamba. Kilikuwa kiwanda cha serikali. Mkonge ulikuja kwa malori, ukasokotwa humo, ukatoka kamba, na mtaa mzima ulinuka kama nyasi zilizolowa siku tatu. King'ora kililia saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, sisi watoto hatukujua saa nyingine. Nyuzi zilizopeperuka juu ya ukuta tuliziokota, tukawasukia wanasesere wetu nywele. Kiwanda kilikuwa na timu iliyocheza ligi kubwa, na hakuna aliyeiita kwa jina lake la kwenye karatasi. Iliitwa Kamba. Ikishinda tulisema Kamba imekaza. Ikifungwa, watani wetu wa Keko walikuja kutuuliza imekatikia wapi.

Sasa, timu zetu zina mwalimu wa mpira, na zina kamati ya ufundi. Asiyetujua atadhani ufundi ni ufundi. Kamati hiyo ni ya wazee wanaoshughulika na yale asiyoyafundisha mwalimu: mguu gani utangulie, nani asishikwe mkono, mlango gani upitwe. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa msimamizi wa mashine za kusokota, mzee mfupi mwenye kofia ya kiua. Miaka mingi kabla sijazaliwa aliamua kwamba geti kuu limeharibiwa na maadui na timu isilipite tena. Uani kwa Bibi, kwenye ukuta wa uwanja, kulikuwa na mlango wa bati ulioachwa na mafundi waliojenga. Huo ndio ukawa mlango wa Kamba.

Kwa hiyo kila siku ya mechi ya nyumbani, watu kumi na wanane waliovaa jezi walipita jikoni kwetu. Bibi alisogeza karai lake la mihogo ya kuuza, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango. Kila mchezaji akifika mbele yake alisema shikamoo Bibi, naye akajibu marahaba, mara kumi na nane, hakumruka hata mmoja. Kisha mchezaji akaingia uwanjani kinyumenyume, kama ufundi ulivyoagiza, uso ukimtazama Bibi mpaka akatoweka. Wageni waliposikia habari hiyo waliamini Bibi ndiye mganga wetu, na mashabiki wao hawakuthubutu kugusa mihogo yake wala chachandu. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Yeye hakuamini hata chembe. "Kama mlango unafunga mabao," alikuwa akisema, "uvalisheni jezi."

Namba tatu wa Kamba alikuwa Mjomba, mtoto wa mwisho wa Bibi. Alilala chumba cha uani, na viatu vyake vya mpira vilining'inia juu ya mtungi. Mama yangu aliolewa Bagamoyo akaniacha kwa Bibi. Mtoto wa kwanza, kaka yao, alikwenda Ndola kuchimba shaba kabla sijazaliwa. Alileta barua moja tu. Bibi aliiweka ndani ya msahafu, na kila mara mtu wa posta alipokatiza uchochoroni Bibi aliacha anachofanya, akasikiliza kengele ya baiskeli mpaka ipotee.

Halafu zikaja kamba za plastiki. Za buluu, za kijani, kutoka nje, zikajaa Kariakoo, hazinuki na hazilowi. Mashine za kiwanda zikasimama moja baada ya nyingine. Siku moja king'ora hakikulia, tukachelewa shule wote. Baadaye ikasikika kwamba kiwanda kinauzwa, na timu imeshapata mnunuzi wake: mfanyabiashara wa pamba wa Shinyanga, ananunua jina, jezi na nafasi kwenye ligi. Kamba itacheza mechi moja zaidi Temeke, kisha itahamia kwake. Lakini mnunuzi hawataki wachezaji wote. Atamtuma mtu wake aje kuitazama mechi hiyo na kuchagua kumi na wanne.

Mjomba alitaka awemo. Alikuwa akikimbia alfajiri kabla ya adhana, akirudi amelowa jasho. Usiku mmoja niliwasikia kupitia pazia. Bibi alimwambia kazi zipo, wenzake wameanza kuuza mitumba, wanakula. Mjomba akasema, "Mie ni mchezaji, mama. Timu ikiondoka nabaki kuwa nani?"

"Mwanangu," Bibi akasema.

Nikasikia Mjomba akizima taa.

Wiki ile sikutulia. Nilimuuliza kila mtu Shinyanga iko umbali gani. Jirani yetu muuza chapati aliniambia ni huko huko bara, mchana kutwa na usiku kucha kwenye treni. Shuleni nikapima ramani ya ukutani kwa vidole: kutoka Dar mpaka Shinyanga, vidole vinne. Nikataka kupima na Ndola. Ndola ilikuwa nje ya ramani. Nikaondoka darasani bila ruhusa, nikatembea mpaka Mtoni na kurudi, na sikumwambia mtu kwa nini.

Siku ya mechi, nilipotoka kuoga nikakuta mlango wa bati umefungwa kwa kufuli jipya, bado lina grisi. Bibi akaniita chumbani. Akaupitisha ufunguo kwenye uzi, akanivika shingoni na kuushusha ndani ya gauni.

"Nikikaa nao mwenyewe nitalegea," alisema. "Wewe kaa nao. Leo wapite getini kama watu wengine."

Nikamuuliza, si alisema mlango haufungi mabao?

"Nilisema. Leo naomba iwe nilikosea."

Nilikuwa na miaka kumi, lakini nilielewa. Wakipita getini watacheza vibaya, Mjomba atacheza vibaya, yule mtu wa Shinyanga hatamchagua, na viatu vitabaki juu ya mtungi. Nami nikaomba vilevile.

Walifika saa tisa na nusu. Mwenyekiti wa ufundi alitangulia, akaliona kufuli, akaligusa kwa kidole kama mtu anayepima pasi ya moto. Bibi alikuwa amejifungia chumbani. Mzee akaenda dirishani akaanza kubembeleza: Bi mkubwa, vijana wameshavaa, Bi mkubwa, leo ni siku ya mwisho, Bi mkubwa, unatuua.

"Geti lipo," Bibi akajibu kutoka ndani. "Imelijenga serikali, na pesa ilikuwa ya kodi zetu."

Wachezaji wengine walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Uchochoro ulishajaa watu, na wale wa Keko walikuwa wanauliza kwa sauti tangu lini mbuzi wamefungiwa nje ya zizi lao. Golikipa akapendekeza waruke ukuta. Mzee akakataa, ukuta haukusomewa dua. Mwalimu wa timu akatazama saa yake, akasema refa anawasubiri, kisha akaenda kusimama mbali, maana mambo ya ufundi hakuyaingilia.

Mjomba ndiye aliyekuja kwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda cha Bibi. Akachuchumaa mpaka nyuso zetu zikalingana, akanukia mafuta ya karafuu aliyojichulia miguu. Aliniitaga mjomba, kama mimi nilivyomwita yeye.

"Mjomba," akasema polepole, "ufunguo uko wapi?"

Uzi ulikuwa unanikwaruza shingo. "Sijui," nikasema.

Akanitazama. Hakunitazama sana. Akasimama, akapangusa vumbi gotini, akawaambia wenzake, "Twendeni getini." Kamba ikazunguka mtaa mzima, kumi na wanane kwa mstari, mzee mwenye kofia ya kiua akiwa nyuma yao kama anasindikiza jeneza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ikaingia uwanjani kwa geti, ikitazama mbele.

Nilipanda juu ya banda la kuku, nikachungulia. Na hapa, rafiki yangu, ndipo niliposhangaa. Kamba ilifungwa kweli. La kwanza liliingia mapema, la pili karibu na mapumziko, na mashabiki wetu wakapoa kama uji. Lakini Mjomba sijawahi kumwona vile. Alikuwa mahali pote. Aliokoa mpira mstarini huku golikipa kalala. Aliutoa kwetu akaupeleka kwao peke yake, akapita watu watatu, akagonga mtambaa panya, mwamba wa juu wa goli. Kwenye jukwaa la mbao alikaa mtu mnene mwenye miwani ya jua na daftari, na kila Mjomba alipougusa mpira niliiona kalamu ikishuka. Nikawa namwombea ateleze. Nilimwombea mjomba wangu ateleze mbele ya watu, na aliteleza mara moja tu, akainuka na mpira.

Niliposhuka Bibi alikuwa jikoni anakuna nazi. Alishazisikia kelele. Zilizotokea upande wa wageni zilikuwa nyembamba, na alizihesabu.

"Mbili?" akaniuliza.

"Wamefungwa mbili, Bibi."

Sikuongeza neno. Akasema alhamdulillahi, halafu haraka akasema astaghfirullahi, akarudi kwenye mbuzi ya nazi. Alipika wali na nguru wa nazi, siku ya kawaida hatukula nguru, akaimba kidogo puani, akanituma ndimu. Nilikwenda mbio ili nisimwone akifurahi.

Mjomba aliingia magharibi na jezi begani. Bibi akatandika mkeka, akampakulia sinia lililojaa, akampa kichwa cha samaki. Mjomba akanawa, akamega tonge la kwanza, akalirudisha.

"Wamenichukua, mama."

Mkono wa Bibi ulikuwa ndani ya wali. Ulikaa pale. Kuku wakapanda bandani, jirani akazima redio yake. Nilijua akisema neno moja tu Mjomba atabaki. Nilikuwa nalisubiri mdomoni mwake.

"Kula kwanza," akasema. "Samaki ana miba."

Akala. Kesho yake jioni treni ya bara ikamchukua, yeye na wenzake kumi na watatu, na mwenyekiti wa ufundi akabaki stesheni ameshika kofia mkononi, maana Shinyanga walikuwa na kamati yao.

Bibi alifariki nikiwa darasa la sita. Nyumba ikauzwa, mie nikaacha shule, na tangu hapo sijakaa mji mmoja zaidi ya misimu miwili. Mji wa kwanza kwenda ulikuwa Shinyanga. Timu ilishakufa huko, haikumaliza hata miaka mitatu. Nilimkuta Mjomba ana mke na shamba la choroko, goti la kulia limevimba. Jioni ya tatu nikamwambia nilikuwa nao ule ufunguo.

"Niliuona uzi," akasema.

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa anatoa changarawe kwenye ungo, moja moja. "Nilitaka kufungiwa," akasema. "Nilicheza mechi ile naomba nivurunde, wasinichague. Miguu ikakataa. Halafu jina likaitwa mbele ya watu wote, mjomba, unakaaje chini? Nikasema mama ataniambia nibaki."

"Akakwambia kuna miba."

"Akaniambia kuna miba."

Tulicheka, na cheko lenyewe halikuwa zuri. Watu watatu wa nyumba moja tulitaka kitu kimoja, tukaliachia kufuli likiseme. Sikulala. Alfajiri nikamuaga, nikashika njia ya Mwanza, sikuwa na shida yoyote Mwanza.

Mwaka juzi nilipita Temeke. Uwanja umekuwa yadi ya makontena, yamepangwa manne manne kwenda juu. Uchochoro hauonekani, ukuta hauonekani, na hewa inanuka dizeli. Nilihesabu hatua kutoka barabarani nikapata mahali ambapo kwa hesabu zangu palikuwa jiko letu, nikakaa juu ya tofali. Mlinzi kijana akaja, akaniamkia vizuri, akauliza natafuta nini. Nikamwambia hapa palikuwa nyumbani. Akayatazama makontena, akanitazama mimi, akasema yeye kakulia jirani, na hapa hapajawahi kuwa na nyumba. Sikubishana naye. Akanieleza kwa upole kwamba malori yanageuzia pale pale, hairuhusiwi mtu kubaki. Nikainuka, nikamuuliza njia fupi ya kwenda Mbagala.