Nilivyomliza Vera wa sinema bure, mpaka Nyambura akanirekebisha

Wakuu, habari zenu. Nimesoma hapa vijana wakisema sisi wazee hatukujua mapenzi, ati kazi yetu ilikuwa kupeleka mbuzi wa mahari tu. Kwa umri huu wangu, nikiwadanganya nitapata nini?

Miaka ya hamsini nilikuwa na job Thika, kwa gari la sinema. Tulizunguka mashamba ya kahawa na mkonge. Tulionyesha mchana, ndani ya stoo, madirisha tumeziba na magunia, kwa sababu ilikuwa Emergency, wakati wa vita vya Mau Mau, na jioni hakuna kutoka.

Mimi nilishika maikrofoni, nikieleza watu kwa Kiswahili vile wazungu wanasema kwa filamu.

Kuna series moja ilipendwa sana. Kapteni wa kutafuta hazina, na mpenzi wake Vera. Kila filamu Vera yuko, kila filamu wanaponea chupuchupu, kila filamu wanaachana bila kuoana. Wamama walikuwa wanasikitika kweli.

Sasa, English yangu ilikuwa ya standard four. Kapteni nilimshika kiasi. Vera aliongea mbio sana. So kila akifungua mdomo, mimi nasema tu, "Woi Kapteni, niokoe!" Watu wanacheka, boss anafurahi.

Siku moja Ruiru, nikikunja waya, msichana mchuma kahawa akanijia. Nyambura. Alikuwa amesoma mission na English ilikuwa imemwingia. Aliniambia polepole kwamba Vera hakuwa analia. Yeye ndiye alikuwa na ramani, na ndiye alimwonyesha Kapteni njia ya kutoka kwa pango.

"Umemfanya mjinga mbele ya mama zetu," akasema, "na wewe ndiye hukusikia."

Aibu ilinishika, wakuu. Boss akijua, nimefutwa. Nilizunguka na hiyo kitu wiki nzima, mwisho nikaenda nikamwambia boss mwenyewe, na nikaomba Nyambura amsemee Vera. Akasema tujaribu mara moja, tukiharibu niende nyumbani.

Hatukuharibu. Vera alipomwambia Kapteni anyamaze amfunge kidonda, wamama walisimama kwa viti.

Tangu hapo kila tukifika Ruiru, Vera ni Nyambura. Na mimi nikaanza kutafuta sababu za gari kupitia Ruiru.

Halafu ikaja filamu ya mwisho. Kapteni anapiga magoti kando ya mto, anamuuliza Vera kama atakubali kuolewa. Nilisema hayo maneno nikimwangalia Nyambura, sikuangalia picha.

Vera akajibu, "Yes." Hiyo hata mimi niliijua.

Nyambura akachukua maikrofoni. "Nitakubali. Lakini kwanza uende kwetu Gitothua uongee na baba."

Halafu mama mmoja wa nyuma akapiga ngemi, vile vigelegele vya kwetu, na wengine wakafuata.

Jumamosi nilikuwa Gitothua na mjomba wangu. Mzee wake aliniuliza swali moja tu: ni kweli nilikuwa nadanganya watu na maikrofoni? Nikasema ni kweli. Akaitisha chai.

Tulipata watoto sita, na mpaka leo nikisimulia kitu mbele ya wageni, huyu mama ananikatiza kunirekebisha.

Funzo langu ni hili: mtu akikuonyesha kosa lako kwa upole, usimkimbie. Mrudie.

Na nyinyi je, wazazi wenu walikutana wapi? Semeni, leo niko na bundles za intaneti.