Mkeka Niliousimamisha Ziwani

Nikianza kusimulia habari hii wadogo zangu hutoka nje, kwa sababu wanajua nikifika kwenye dagaa nitajifunika khanga usoni na sitamaliza, basi leo naiandika, maana karatasi haina macho ya kunitazama. Aibu ni yangu mwenyewe. Ilinipata mchana kweupe mbele ya kijiji kizima cha wavuvi, na chanzo chake ni kwamba nilikubali kuitwa mama.

Wazazi wetu walifariki mimi nikiwa darasa la sita, nikaacha shule, nikalea wadogo zangu watatu pale Mpanda kwa kulima mahindi na kuuza maandazi asubuhi. Miaka ile ya tisini Skola, anayenifuata, akapata mchumba. Aliitwa Masanja, Msukuma, watu wao walihamia huku na ng'ombe, lakini yeye aliwaacha ng'ombe akashuka Kapalamsenga, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Tanganyika, kununua dagaa na kuwaleta mjini kwa lori. Kijana mpole sana (nasema kijana, ila alinizidi umri). Tatizo lilikuwa shangazi yake. Yeye ndiye aliyemlea, neno lake ndilo la mwisho, na alishasema wazi kwamba hawezi kumwozesha kwenye nyumba isiyo na mzazi, maana siku wakigombana watakwenda kukaa mbele ya nani?

Nikamwambia, mzazi yupo, ni mimi. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni (nilikuwa mwembamba kama msichana wa kipaimara), akasema, "Haya. Ukiwa mama, uwe mama kweli. Mkweo asikuone ukila."

Kwetu ndivyo ilivyo, na kwao pia: mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja, hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Ni heshima ya akina mama wenye mvi. Nikaikubali yote kama ilivyo, kwa ajili ya Skola.

Basi Masanja akatualika tukaone ziwa, twende na kwenye kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya kijiji, tukale samaki wa huko huko. Shangazi naye angekuwepo, na jibu lake angelitoa siku hiyo. Usiku wa kuamkia safari nilikaanga maandazi ya njiani, nikafua, nikampigia pasi Skola gauni, halafu tukapanda lori, Masanja mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia matupu, nimekaa wima kama mama.

Kisiwa ni kizuri, sitasema uongo. Maji meupe mpaka unaona samaki wakipita juu ya mawe, ndege weupe wamejaa, kuna na pango ambamo wavuvi hujikinga mvua. Tulikwenda kwa mitumbwi mitatu, mmoja wa wapishi na vyombo vyao, mmoja wa Skola, Shangazi na mimi, mmoja wa Masanja na mzee wa Kibende, kabila la wenyeji wa pale, mwenye mtumbwi, ambaye wote walimwita Babu. Lakini kutembea na mkwe kwenye kisiwa kama kile ni kazi. Kila Masanja alipotokea kulia mimi nilikimbilia kushoto, nikitokea mimi yeye anageukia ziwa, ikawa kila jiwe nimelifaidi kwa nyuma tu. Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Nyie watu wa ng'ombe," alisema, "kisiwa chenyewe kama mgongo wa kiboko. Mtajificha wapi, majini?"

Chakula kikaiva: samaki wa ziwa lile, migebuka ya kuchoma na kuhe wa mawese, kwa ugali wa muhogo. Wakatandika mkeka, wakakaa. Shangazi akanionyesha jiwe kubwa pembeni. "Mama, chako kule."

Nikala peke yangu nyuma ya jiwe, nikisikia wenzangu wanavyocheka. Mnajua, tangu mama afariki nilikuwa sijala chakula kizuri ambacho sikukipika mwenyewe. Nilikula mpaka nikalamba vidole. Jiwe lilikuwa la vuguvugu, kivuli kipo, hakuna anayeita Dada unga umeisha, Dada huyu ananipiga. Nikasema niegemee kidogo tu.

Nilipoamka kulikuwa kimya. Nikachungulia: mitumbwi yote iko majini inakwenda zake. (Baadaye nilielezwa kwamba walidhani nimetangulia na wapishi ili nimkwepe mkwe. Na Masanja, ambaye pengine angeona sipo, alikuwa amekaa muda wote amelipa mgongo jiwe langu, kama inavyotakiwa.) Nikavua khanga nikapunga, nikapiga ukelele ambao mama mkwe hapigi. Mtumbwi wa mwisho ukageuka. Wa mwisho ndio wa Masanja.

Alifika akiwa ameangalia upande wa pili. "Shikamoo, mama. Samahani sana."

"Marahaba," nikajibu nikiwa nyuma ya jiwe. "Kuna mtumbwi mwingine unakuja?"

"Hauji," akasema Babu. "Huoni upepo umeanza? Panda, binti, au ulale na ndege."

Mbele yetu mtumbwi wa wanawake haujafika mbali, na Shangazi ana shingo ya kugeuka. Nikaona ule mkeka wa kulia chakula, wameusahau juu ya mawe. Nikapata akili, au niliita akili wakati ule: Masanja akae mbele apige kasia, mimi nikae nyuma yake, katikati yetu nisimamishe mkeka.

"Simamisha," akasema Babu. Angeweza kunikataza, lakini nadhani alitaka kuona.

Upepo ulitoka nyuma yetu. Ukaujaza mkeka, mimi nimeukumbatia kwa mikono miwili, na mtumbwi ukaruka kama ndama aliyefunguliwa.

"Achia mkeka!" Babu sasa hacheki.

"Nikiachia ataniona!"

"Mama, achia!" Masanja naye.

"Usigeuke!"

Mimi nikishika kitu siachii, ndivyo nilivyowakuza watoto wale. Tukawapita akina Skola. Nikamsikia akiita "Dada!", nikamsikia Shangazi akiuliza kwa Kisukuma jambo ambalo sikutaka kutafsiriwa. Mbele, ufukweni, akina mama wameanika dagaa mchangani mpaka karibu na maji, wakaanza kupiga kelele, "Dagaa zetu! Dagaa zetu jamani!"

Tukagonga mchanga. Masanja akaangukia majini, mimi nikarushwa na mkeka wangu, nikatua kifudifudi katikati ya dagaa, mkeka ukanifunika. Nilikuwa na dagaa kwenye nywele, kifuani, mdomoni.

"Mama mkwe hakushiba huko!" mtu akasema, na kijiji kikaangua kicheko. Masanja, nguo zinatiririka maji, amesimama amenipa mgongo: "Mama, umeumia?" Kijiji kizima kinanitazama, yeye peke yake hatazami.

Sikutoka. Nililala chini ya ule mkeka nikijua ndoa ya Skola imekwisha na nimeiua mimi. Kisha nikasikia mtu anakaa mchangani karibu na kichwa changu. Alikuwa Shangazi.

"Ulibaki wapi?"

"Nilipitiwa na usingizi."

"Mchana huu?"

"Nilishiba, Shangazi, nikalala."

Akauliza, "Mara ya mwisho kulala mchana ilikuwa lini?"

Nikafikiri. Nilifikiri kweli, nikarudi nyuma mwaka kwa mwaka. "Sikumbuki."

Akainuka. "Nyie mnacheka nini? Tawanyikeni! Mama amechoka." Kisha kwa sauti kubwa zaidi, "Na wewe Masanja, zunguka kule. Mkweo atoke."

Mkweo. Nikatoka.

Jioni yote tulichambua mchanga kwenye dagaa pamoja na wenye dagaa, Shangazi akiwa upande wangu, na Skola akaolewa baada ya mavuno. Masanja mpaka leo akija hupita nyuma ya nyumba. Mimi mtumbwi sipandi tena. Wakitaka nile migebuka wailete Mpanda, nitaila jikoni nimefunga mlango. Na mkeka nautandika chini, siusimamishi, hata kuukung'uta nangoja upepo utulie. Ila ule usingizi wa nyuma ya jiwe, jamani, sijapata mwingine kama ule.